Sifa za Fundi wa Kuvuta

Ukiwa Kinkondja, kwenye Ziwa Kisale nchini Kongo, ambako mafunjo huota hadi yakawa visiwa vinavyoelea, ushike uzi wa wavu wa nailoni uuvute kwa vidole. Hautanuki sana. Kazi ya kuuvuta ilishamalizwa kiwandani. Mwaka 1930, katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Marekani, Julian Hill alivuta uzi kutoka kwenye polima iliyoyeyuka, akaona kwamba ukivutwa tena umeshapoa, unazidi kuwa imara: molekuli zilizojikunja zimenyooka upande mmoja. Nailoni yenyewe ilifuata mwaka 1935.

Ziko polima zenye molekuli zisizokunjika kirahisi. Hizo hujipanga zingali kimiminika, ndiyo maana zikaitwa polima za fuwele-kimiminika. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, wa DuPont hiyohiyo, alipata myeyusho wa polima ya aina hiyo, wenye ukungu, mwepesi kupita kiasi. Fundi wa mashine alisita kuusokota, akihofu utaziba matundu. Kwolek akashikilia, ndiko ulikoanzia uzi imara wa Kevlar.

Lakini ufundi ninaoustaajabia zaidi ni wa kuchanganya polima za jamii hii, zile zinazoyeyuka kwa joto, na polikaboneti, plastiki angavu ya miwani ya kukinga macho. Hazipatani. Zikiyeyushwa pamoja hujitenga awamu mbili, moja ikawa matone ndani ya nyingine, na uangavu ukapotea. Mwenye haraka atasema mchanganyiko umeharibika. Fundi anauvuta ungali moto: kila tone linarefuka likawa uzi, naye anaupoza upesi nyuzi zigandie humohumo. Plastiki imejitilia nyuzi zake yenyewe! Akichelewa kuupoza, nyuzi zinakatika na kurudi kuwa matone. Akiuacha motoni mno, vifungo vya esta vya polima zote mbili vinabadilishana nafasi, mipaka inafifia, na ule mpangilio aliokuwa akiutafuta unayeyuka nao. Kwa hiyo kutopatana ni mtaji wake, mradi kusizidi: matone yasiposhikamana kabisa na polikaboneti, nyuzi huchomoka kirahisi kipande kikivunjika.

Kipande cha mchanganyiko huo kilichotoka kalibuni, ukikivunja na kukitazama kwa hadubini ya elektroni, kina sura mbili. Karibu na ngozi ni nyuzi tupu, zimelala kufuata mtiririko. Kwenye kiini ni matone ya mviringo. Ukuta wa kalibu ni baridi, na hapo plastiki hunyooshwa kwa nguvu na kuganda papo hapo. Katikati joto hukawia, matone yakapata muda wa kujirudi. Ndiyo maana kipande chembamba hufaidi nyuzi kuliko kinene.