61,741,120: sifa ya namba au sifa ya watu?

Kuna mtindo wa kupenda namba ambao mimi naona una kasoro. Unachukua namba kubwa, unaipasua vipande, halafu unatangaza kwamba ina siri. Tuupime kwa namba yetu wenyewe: 61,741,120, idadi ya Watanzania kwa Sensa ya 2022, iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Oktoba mwaka huo.

Raha ipo, sikatai. Tarakimu nne za mwanzo ni 6174, ile namba ya Kaprekar, mwalimu wa shule wa kule India. Chukua tarakimu nne, mradi zisifanane zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha utoe mpangilio wake wa kinyume. Rudia, na sifuri ya mbele usiidondoshe. Ndani ya hatua saba utafika 6174, na hapo hutoki tena: 7641 − 1467 = 6174. Aisee! Ila hiyo ni sifa ya mwandiko. Iandike idadi hiyohiyo kwa 0 na 1 tu, kama kompyuta, uone kama utaipata 6174.

Chenye uzito zaidi ni vigawo vyake: 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Hivi havijali mwandiko. Hata kwa 0 na 1, ile 2⁶ inajitokeza: namba inaishia na sifuri sita. Na 641 ni namba tasa yenye historia. Fermat alidhani 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Sasa, hayo yote yanasema nini kuhusu Watanzania? Hakuna. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1. Angehesabiwa mtoto mmoja zaidi pale Usa River, basi 2, 5, 7, 43 na 641 zingeondoka zote kwa mpigo, na nchi ingebaki ileile. Hata Mlima Meru: wengine huandika mita 4,562, wengine 4,566. Ya kwanza ni 2 × 2,281, ya pili ni 2 × 3 × 761. Mlima wala haujatikisika.

Kwa hiyo mtu akikuambia kijiweni kwamba 6174 ni dalili ya sensa kupikwa, muulize angeikuta 6175 angesemaje.

Si kwamba tarakimu ni bubu siku zote. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa hukadiria, na makadirio hupenda kuishia na 0 au 5, kwa sababu tunahesabu kwa makumi. Hapo mwandiko una habari ya kweli. Ukitaka kuichokonoa sensa, fungua jedwali la umri, weka miaka 39, 40 na 41 pamoja, uangalie kama 40 imerundikana kuliko majirani zake.