Dua Kabla ya Ombi: Somo kutoka Masoko

Aghalabu utenzi wa pwani hufunguliwa kwa dua. Mtunzi humtaja Mola, humsalia Mtume, kisha huomba awezeshwe kulitimiza alilolikusudia. Desturi hii ni kongwe na ni njema. Lakini katika tungo nyingi za siku hizi dua hiyo imekuwa kizingiti tu: mtunzi hukiruka upesi apate kuingia ndani, na beti zinazofuata hazionyeshi kuwa aliomba chochote.

Ili tuipime ila hii, natutoke kidogo nje ya visiwa vyetu, twende bara hadi Masoko, kusini-mashariki ya Tukuyu, penye ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkeno. Hiyo ni nchi ya Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyeishi nao katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu juu ya ibada zao mwaka 1959, ameeleza kuwa neno lao la kuomba, ukwiputa, lina nasaba na kupuliza maji kutoka kinywani. Kabla ya kuomba mvua au afya, wakubwa walitakiwa kwanza waziseme hasira zao, kila mmoja mbele ya mwenziwe. Kinyongo kilichofichwa kiliharibu ombi. Maji yakipulizwa, ghadhabu nayo imetoka.

Sisi nasi tunayo istihara. Mja husali rakaa 2, kisha humwelekea Mola: jambo hili likiwa na kheri nami, nijaalie, likiwa na shari, liepushe nami, nami uniepushe nalo. Uzito wote umo katika kauli hiyo ya pili. Anayekusudia kwenda kuposa, au kuomba mkopo, huingia katika dua na haja yake, na huenda akatoka ameiacha. Sisemi kuwa ibada hizi mbili ni moja. Nasema kila moja humgeuza mwombaji kabla hajafumbua kinywa mbele ya binadamu mwenziwe.

Mwana Kupona binti Mshamu alilijua hili. Utendi wake, uliotungwa mwaka 1858 hivi, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Ifikapo dua, haishii kwa maradhi yake: inawakusanya wanawe, jamaa zake na Waislamu kwa jumla. Wosia wa nyumba moja unakuwa ombi la umma mzima. Ukiiondoa dua ile, utendi unabaki nusu.

Basi hicho ndicho kipimo ninachowapa wapenzi wa ushairi. Ufute ubeti wa dua, kisha ulisome shairi upya. Likibaki vilevile, mtunzi hakuomba. Alibisha hodi kwenye mlango aliokwisha kuufungua mwenyewe.