Vijana wetu na sanaa: makofi hayatoshi



Kila mwaka, wakati wa kufunga masomo, tunaona jambo moja katika parokia nyingi. Watoto wanapanga picha zao ukutani. Wanaimba, wanacheza ngoma, wanaigiza habari za Yosefu na ndugu zake. Wazazi wanapiga makofi, padri anasema neno la shukrani, na kila mtu anarudi nyumbani na furaha. Kesho yake picha zinaondolewa, na mtoto aliyesifiwa jana anaambiwa: «Sasa acha michezo, tafuta kazi ya kweli.»

Sisi hatukatai makofi. Mtoto asiyesifiwa hata siku moja ananyauka kama mche usiopata maji. Lakini tunauliza: kumsifu mtoto na kumsaidia, ni jambo moja? Tunawaza kwamba si moja. Na kusudi tusiseme maneno matupu, tutazame nyumba tatu zilizofundisha vijana sanaa katika nchi yetu ya Congo. Tupime kila moja, mema yake na makosa yake, bila kuogopa na bila kudharau.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alikusanya vijana katika karakana iliyojulikana kwa jina la «Le Hangar», maana yake banda. Namna yake ya kufundisha ilikuwa karibu kutofundisha. Hakuwapa picha za Ulaya wazifuate. Aliwaambia watazame mto, msitu, nyoka, samaki, ndege, tena wachore yale yaliyomo katika ukumbusho wao wenyewe.

Je, vijana hawa walipotea kwa kukosa mfano? Hapana. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, akijaza nafasi yote kwa majani na alama ndogo ndogo, hata jicho halipati mahali tupu pa kupumzika. Mwenze Kibwanga alichora watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangana kama ususi wa mkeka. Bela Sara aliacha brosi, akatia rangi kwa ncha za vidole. Watu watatu, banda moja, lakini hakuna anayeweza kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwenzake. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya mwalimu yule: wanafunzi wake hawakufanana naye, wala hawakufanana wao kwa wao.

Lakini tuseme na kosa lake. Mwalimu anayemficha mwanafunzi kazi za watu wengine anamlinda, ni kweli. Lakini pia anamfungia mlango. Nani alitoa ruhusa ya kusema kwamba kijana wa Congo achore samaki na nyoka tu, asichore treni, kiwanda, au shimo la shaba ambamo baba yake anatoka jasho? Kumwachia mtu uhuru wa mkono na kumchagulia mambo ya kutazama si uhuru wote. Tena banda lilisimama juu ya mtu mmoja. Mwaka 1954 Romain-Desfossés alikufa, na banda halikuweza kuendelea peke yake. Wachoraji wakaunganishwa na Academie des Beaux-Arts, iliyoanzishwa na mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens katika mji uleule mwaka 1951. Nyumba yenye nguzo moja, nguzo ikianguka, nani atalala ndani?

Nyumba ya pili ni ya Mafrere. Mwaka 1943, huko Gombe-Matadi katika Bas-Congo, Frere Marc-Stanislas wa Shule za Kikristu alianzisha chuo cha Mtakatifu Luka. Mwaka 1949 chuo kilihamia Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwaka 1957 kikaitwa Academie des Beaux-Arts. Hapa mambo yalikuwa tofauti na banda. Kulikuwa na madarasa, na miaka ya kusoma, na kazi inayofuata kazi. Mwanafunzi alijifunza kuchonga mti na kufinyanga udongo kwa utaratibu, kama vile sisi tulivyojifunza sarufi kabla ya kuandika barua.

Wako watu wanaosema kwamba utaratibu unaua roho. Sisi hatukubali. Nani amesikia kwamba mpiga ngoma aliharibika kwa kufundishwa na wazee namna ya kushika mwendo? Utaratibu hauui; kuiga bila kufahamu ndiko kunakoua. Na sifa ya chuo hiki iko wazi mbele ya macho ya wote: mwanzilishi alitoka, serikali zilibadilika, nchi ilibadilisha jina zaidi ya mara moja, na chuo kipo bado Kinshasa, kinapokea vijana. Banda lilipofiwa na mwalimu wake liliingia katika nyumba ya wengine. Chuo kimeishi kwa sababu kazi ilikabidhiwa kutoka mkono kwa mkono.

Lakini chuo kina kosa lake pia. Kiko mji mkubwa, mbali na wengi. Mtoto wa kijiji cha Haut-Lomami au cha Tanganyika ataanzaje safari ya Kinshasa, ikiwa feza ya masomo ya kijijini tu inamtoa baba yake machozi? Hata Institut des Beaux-Arts ya Lubumbashi ni mbali kwake. Chuo kinasaidia aliyekwisha kufika mlangoni. Nani atamtembeza mtoto mpaka mlangoni?

Kwa swali hili tunafika kwenye nyumba ya tatu, na hii haikuwa chuo cha sanaa hata kidogo. Ilikuwa misioni na shule, huko Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, alikusanya wanafunzi wapata 45, watoto wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wapata 15, wakawa kwaya. Waliitwa «Les Troubadours du Roi Baudouin». Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika maonyesho makubwa ya Bruxelles. Mwaka huohuo waliimba missa inayojulikana dunia nzima, Missa Luba.

Maneno ya missa ile ni Kilatini, yaleyale tuliyoyafundishwa seminarini. Lakini sauti ni za kwetu. Kyrie inalia kama kasala, maombolezo ya Waluba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana: sauti nyembamba za watoto zinapanda polepole juu ya mwendo wa ngoma, hata mtu anafahamu kwamba kumwita Mungu Mtakatifu ni pia kusimama mbali naye na kumtamani. Halafu Hosanna inakimbia kwa mwendo wa ngoma ya Kasai, kama watu waliomwona mgeni wao akitokea njiani. Agnus Dei imefuata wimbo wa Bena Lulua. Mwanzoni missa hii haikuandikwa kwa nota. Waimbaji waliitunga kwa kuimba pamoja, kila mmoja akijua njia ya sauti kwa sababu aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Tukumbuke mwaka: 1958. Mtaguso wa Vatikano wa pili haujakutana bado. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, maaskofu walitoa maandiko juu ya liturjia, wakafundisha kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa kana kwamba ni wake peke yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha missa kwa majimbo ya Zaire, nchi yetu kwa jina la wakati ule. Watoto wa Kamina walikuwa wametangulia. Mtu asiseme tena kwamba sanaa ya watoto ni mchezo.

Na kosa la nyumba hii? Ni kosa linalotuuma zaidi. Sahani za muziki ziliuzwa, na jina la Padri Haazen likajulikana. Jina la mwimbaji mkuu, Joachim Ngoi, limeandikwa pia. Lakini wale watoto? Tunawasikia mpaka leo, lakini tunawajua kama «kwaya» tu. Wimbo walioutunga pamoja ulipata jina kubwa kuliko wao wote. Walishangiliwa katika miji ya Ulaya. Je, waliporudi Kamina, kulikuwa na kalasi ya muziki iliyowangojea wakikua? Kushangiliwa ni kama mvua ya siku moja. Mwenye shamba hahesabu mvua moja, anahesabu majira.

Hata banda la Elisabethville linatufundisha neno hili. Mwaka 2015 huko Paris, katika Fondation Cartier, yalifanyika maonyesho yaliyoitwa «Beaute Congo», na kazi za Pilipili, Mwenze na Bela ziliwekwa mbele ya watu wengi. Tulifurahi. Lakini tunawauliza wasomaji wetu: ni watoto wangapi wa Lubumbashi, wanaopita kila siku katika njia zilezile alizopita Pilipili, wamepata kuona picha yake moja? Ni vibaya mtoto kwenda Paris kumjua babu yake.

Sasa tunamsikia mzazi mmoja akisema: «Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini picha hailiwi.» Ni kweli, baba, na hatukuchekei. Watoto wengi hawatakuwa wachoraji, kama vile wengi wanaojifunza hesabu hawatakuwa wahesabu wa benki. Lakini mtoto aliyejifunza kutazama samaki mpaka akafahamu magamba yake amejifunza kutazama. Aliyeimba katika kwaya amejifunza kumngojea mwenzake. Mambo haya mawili yanafaa kwa fundi, kwa muuguzi, kwa mkulima, na kwa baba wa nyumba. Tena tusome katika kitabu cha Kutoka. Mungu alipotaka hema lake lijengwe, alimwita Besaleli kwa jina, akamjaza roho yake kwa kazi ya dhahabu, mawe na miti. Akampa yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Tazameni mambo matatu: jina, kazi, na mwalimu. Nyumba zetu tatu zilikuwa na moja au mawili. Hakuna iliyoshika yote matatu sawasawa.

Sisi wakatekista tujihukumu kwanza. Kijana mmoja wa mafundisho yetu alichora kwa makaa, katika karatasi za mfuko wa simenti, vituo vya Njia ya Msalaba. Simoni wa Kirene alikuwa mbeba mizigo wa soko, na kamba begani. Tulimwambia: «Hivi si sawa, fuata picha iliyochapwa.» Akaifuata. Picha ya pili ilikuwa safi, na ilikuwa imekufa. Hakuleta nyingine tena. Parokia ikanunua vituo vilivyochapwa mbali, vya karatasi inayong'aa, na leo rangi yake imepauka kwa jua. Yule mbeba mizigo tunamkumbuka bado.

Basi, tufanye nini? Hatuombi majumba. Parokia ikitaka picha, sanamu au mlango wa kanisa, iulize kwanza vijana wake, iwape muda na malipo ya haki, hata yakiwa kidogo. Mwalimu mwenye ujuzi aitwe kila juma, asiitwe siku ya sikukuu tu. Na mzee anayejua kasala au kuchonga ni mwalimu pia, hata kama hana diploma. Afundishe utaratibu kama Mafrere, aache macho ya mtoto huru kama banda, na atumie nyimbo za nyumbani kama Kamina. Na chini ya kila kazi, ya mtoto mdogo au mkubwa, jina lake liandikwe.

Siku ya kufunga masomo itarudi. Tutapiga makofi tena, na mikono yetu itafurahi. Lakini kabla ya kuondoa picha ukutani, tumwendee mtoto aliyechora, tumwulize jina lake, na tumwambie siku gani na saa ngapi aje kuendelea.