Jicho la mtoa pasi

Dawn Staley alipokuwa akichezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Virginia, alikuwa na mazoea ya kuvaa rababendi kwenye kifundo cha mkono. Akipoteza mpira kizembe, aliivuta na kuiachia imchape, kisha akarudi mbio kukaba. Kosa limelipiwa papo hapo, na mchezo unaendelea. Mtu anayejichapa hivyo mbele ya maelfu ya watazamaji hajali sana wanamwonaje. Anachojali ni mpira umefika ulikokusudiwa au haukufika.

Kimo chake ni kama mita 1.68, ufupi wa kutosha kumkatisha tamaa yeyote katika mchezo huu. Alikulia kwenye nyumba za serikali kaskazini mwa Philadelphia, akicheza na wavulana waliomzidi urefu na nguvu. Mfupi wa namna hiyo hana budi kuona mapema, kwa sababu akichelewa kuona, hawezi kuruka juu ya mtu kurekebisha.

Sisi watazamaji macho yetu hufuata mpira, kwa hiyo pasi tunaiona imekwisha kutoka. Kazi yenyewe imefanyika kabla. Mchezeshaji hodari haupeleki mpira pale mwenzake alipo, anaupeleka atakapofika hatua mbili mbele, tena kwa kimo kinachomfaa. Pasi ikimjia magotini, mfungaji ainame, ainuke, ajipange, na beki ameshamfikia. Ikimjia kifuani, mikono tayari iko kwenye mkao wa kurusha. Tofauti ni ya nusu sekunde, na jina linalotangazwa uwanjani ni la aliyefunga. Staley alitoa pasi za kufungisha 729 pale Virginia na kupora mipira 454. Pointi zake mwenyewe zilikuwa 2,135, maana hakuwa mtu wa kugawa tu.

Aliifikisha timu nusu fainali ya taifa miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, na ubingwa haukuja. Fainali ya 1991 waliipoteza kwa Tennessee, 70 kwa 67, baada ya muda wa nyongeza. Waliopiga kura walimteua yeye mchezaji bora wa mashindano, ingawa timu yake ilikuwa imeshindwa. Tuzo ya aina hiyo nadhani inauma kuliko kukosa kabisa.

Medali tatu za dhahabu za Olimpiki zilifuata, Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004, ambako alibeba bendera ya Marekani. Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni mwaka 2000, alipokubali kuifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Temple, hapo hapo kaskazini mwa Philadelphia, akiwa bado mchezaji wa kulipwa. Majira ya baridi alikuwa kocha, ya joto akarudi kutumwa na kocha wake katika WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, hadi alipostaafu kucheza mwaka 2006. Wachezaji nyota wengi hushindwa ukocha kwa sababu hawawezi kueleza walichokuwa wakikifanya. Miguu ilijua, mdomo haukujua. Mchezeshaji ana nafuu. Tangu utotoni kazi yake ni kuwaambia wengine wasimame wapi.

Mwaka 2008 alihamia kufundisha Chuo Kikuu cha South Carolina. Msimu wa kwanza alishinda michezo 10 na kupoteza 18. Ubingwa wa taifa ulikuja 2017, miaka tisa baadaye, akiwa na mchezaji A'ja Wilson, binti wa jimbo hilo hilo. Vipande vya wavu wa kikapu, ambao mabingwa huukata kwa desturi, vya siku ile baadaye aliwatumia kwa posta makocha wenzake, wanawake weusi, kama yeye alivyopewa kipande na Carolyn Peck, kocha bingwa wa 1999 na Purdue. Ubingwa wa pili akautwaa 2022.

Ila kama ningetakiwa kumwonyesha mtu ukocha wake kwa mfano mmoja, ningechukua miaka miwili, 2023 na 2024. Mwaka 2023 timu yake iliingia nusu fainali haijapoteza mchezo hata mmoja, ikafungwa na Iowa 77 kwa 73. Caitlin Clark, nyota wa Iowa, alifunga pointi 41. Kulikuwa na tukio moja dogo lililozunguka dunia nzima kwa video: Raven Johnson, gadi kijana wa South Carolina, amesimama na mpira nje ya mstari wa pointi tatu, na Clark anampungia mkono wa kumpuuza, hamkaribii kabisa. Yaani rusha tu, huwezi. Johnson baadaye alisema aliwaza kuacha mchezo.

Wachezaji wote watano wa kuanza waliondoka baada ya msimu huo. Kocha mwingine angeomba avumiliwe miaka miwili. Staley aliwapandisha waliokuwa benchi, akampa Johnson usukani wa kuongoza timu, na msimu uliofuata walicheza michezo 38 na kushinda yote 38.

Fainali ya Aprili 2024 ilikuwa dhidi ya Iowa tena. Walianza vibaya, 10 kwa 0, na Clark peke yake alifunga 18 katika robo ya kwanza. Staley hakuhangaika kutafuta nyota wa kujibizana naye. Aliendelea kubadilisha wachezaji kama alivyofanya msimu mzima, wakiingia wenye nguvu mpya kila wapinzani walipochoka. Tessa Johnson, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alitoka benchi akafunga 19. Benchi nzima ya South Carolina ilileta pointi 37, ya Iowa sifuri. Matokeo yalikuwa 87 kwa 75.

Na kabla ya mapumziko, Clark akiwa anadunda mpira, Raven Johnson alimwingilia, akaupora mikononi mwake na kukimbia nao peke yake hadi kikapuni.