Waxaan baranayaa: sentensi ya kwanza ya mgeni wa Ifo

Mwalimu au muuguzi anayepelekwa kambi ya wakimbizi ya Ifo kutoka bara huwa amekwisha kubeba neno moja la Kisomali: warya. Amelipata mtaani Eastleigh au kwenye matatu, na afadhali angeliacha huko huko. Waryaa ni mwito wa kumwita mwanamume, hasa kijana au mwenzako mliyezoeana. Ukimwita mzee hivyo umemkosea adabu, tena Wakenya wengi wamekwisha kuligeuza kuwa jina la kejeli kwa Wasomali. Mzee huitwa adeer, mama mtu mzima eeddo, wa rika lako walaal. Salamu zikiisha, sasa unaweza kusema: Waxaan baranayaa Af-Soomaali. Najifunza Kisomali.

Tuifungue. Bar ni kufunza, baro ni kujifunza. Pale Kiswahili kinapotia -ji-, Kisomali huongeza irabu mwishoni. Katika baranayaa, n hujitokeza, ikafuatwa na -ay- ya tendo linaloendelea, na mtenda anakaa mkiani: baranayaa ni mimi, baranaysaa ni wewe, baranaynaa ni sisi. Aliyezoea ni-, u-, a- atamtafuta mtenda upande wa mbele na kumkosa. Na hata mkia hautoshi, kwa sababu baranayaa ni yangu na pia ya mwanamume yule, baranaysaa ni yako na pia ya mwanamke yule. Kinachowatenganisha ni neno la mwanzo: waxaan mimi, waxaad wewe, wuxuu yeye wa kiume, waxay yeye wa kike. Herufi x hapa si ks. Ni h nzito ya kooni, kama ya Kiarabu, ilivyopangwa katika maandishi ya Kilatini ambayo Somalia iliyafanya rasmi mwaka 1972.

Kazi kubwa zaidi imo ndani ya waxaan. Kiswahili huweka msisitizo kikitaka: “najifunza Kisomali” inatosha, na “Kisomali ndicho ninachojifunza” ni ya siku ya ubishi. Kisomali hakikuachii hiari hiyo. Sentensi ya kawaida ya kuarifu lazima ioneshe habari mpya iko wapi. Mtu akikuuliza Maxaad baranaysaa?, unajifunza nini, habari anayoitaka ni lugha, nawe unajibu Af-Soomaali baan baranayaa, baan ikiwekwa baada ya neno lenye habari hiyo. Akitaka kujua nani kati yenu anayejifunza, jibu ni Anigaa baranaya Af-Soomaali, na hapo kitenzi kinafupishwa, aa ya mwisho inabaki a. Akikutania kwamba hujifunzi lolote, unamrudishia Waan baranayaa. Sentensi zote ni sahihi, ila ukiitumia moja mahali pa nyingine msikilizaji anahisi umejibu swali ambalo hakuuliza.

Mimi ningemfundisha mgeni waxaan kwanza, na sababu ni ya kiufundi. Kwa kawaida kitenzi cha Kisomali hukaa mwisho. Lakini wax ni “kitu”, kwa hiyo waxaan hufungua nafasi (kitu ninachojifunza ni...) na kuiacha ijazwe baada ya kitenzi. Mpangilio unaopatikana ni ule ule wa Kiswahili, lugha ikitajwa mwishoni. Baan ije baadaye, masikio yakishazoea kungoja kitenzi.

Shida inayofuata haihusu sarufi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka, na shule zake hufuata mtaala wa Kenya. Kijana aliyekulia hapo atakujibu kwa Kiswahili, na mazoezi yako yataishia hapo. Dawa yake ni Af-Soomaali igula hadal, zungumza nami kwa Kisomali. Lile igula ni vipande vitatu vilivyobanana: i ni mimi, ku ni “kwa”, la ni “pamoja na”, vyote vimetangulia kitenzi. Kiswahili kingevitawanya. Mwongezee tartiib, ambalo aliyezoea “taratibu” hahitaji kutafsiriwa.

Halafu kuna suala la Kisomali kipi. Wengi waliokimbia kutoka mabonde ya Juba na Shabelle husema Kimaay, kisicho na x wala c za kooni, na ambacho msemaji wa lahaja ya kaskazini hakielewi kwa urahisi. Miongoni mwa Wabantu wa Kisomali walikuwamo hata wasemaji wa Kizigua, wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ya 19. Kwa hiyo, jirani zako wakiwa wasemaji wa Kimaay na mtu wa sokoni akakuuliza unajifunza nini, baan inafaa kuliko waxaan. Yeye ana lugha moja akilini, wewe unamtajia nyingine, na hiyo ndiyo habari: Af-Maay baan baranayaa.