Hongo ya Mnywa Sere

Nimepanga chumba Kanyenye, Tabora. Kila nikienda Kwihara kuliangalia tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, dereva wangu wa bodaboda huuliza, "Dada, huko kwa Mzungu unafuata nini tena?" Juzi nilimjibu kwamba namtafuta Mnywa Sere. Akafikiri kidogo, akauliza kama ni mtu wa hapa mjini. Nikamwambia ndiyo, tena alikuwa mtemi.

Sikumshangaa. Tembe la mgeni limehifadhiwa. La Mnywa Sere sijaliona hata bango. Hakuandika maisha yake. Upande uliompiga vita una tawasifu, tena ya Kiswahili: ya Tippu Tip, ambaye baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mnywa Sere tunamkuta ndani ya kitabu cha mpita njia, John Hanning Speke, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilichotoka mwaka 1863. Nakisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya umahiri, na naamini kimebeba wasifu ambao mwandishi hakukusudia kuuandika.

Kisa ni hiki. Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sere alirithi utemi wa Unyanyembe. Akaweka kodi kwa bidhaa zote zinazoingia nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu wakakataa kulipa, wakamwondoa kwa bunduki na kumkalisha Mkasiwa kitini. Mnywa Sere akaingia porini, akaisumbua njia ya misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1861 alimfuata Speke njiani, akamwomba awapatanishe. Speke alijaribu, ikashindikana.

Kurasa za mkutano huo ndizo bora kwangu. Speke anamwacha mtemi aeleze shauri lake: nani alirithi, kodi ilikuwa ipi, nani aliikataa. Kwa muda mfupi tunamsikia mtu mwenye hoja ya haki. Kisha msafara unasonga, na hongo inarudi kuwa kero ya msafiri. Katika vitabu vya wasafiri wa enzi ile, hata Ugogo, nchi kame ambako kisima ni uhai, tunahesabiwa doti za nguo zilizomtoka mgeni. Nani alikichimba kisima, hilo si shauri lake.

Nasi tumekuwa wasomaji watiifu mno. Leo ukisema "hongo" mjini hapa, kila mtu anasikia rushwa. Ada ya kupita kwenye nchi ya mtu imebaki kwenye vitabu vya historia.

Jina lina uzito katika ugomvi wa namna hii. Mwaka 2016, huko Standing Rock, Marekani, LaDonna Brave Bull Allard, mwanahistoria wa Kilakota, alifungua kambi kwenye ardhi yake kupinga bomba la mafuta lipitalo chini ya maji ya Missouri. Yeye na wenzake hawakutaka kuitwa waandamanaji. Walijiita walinzi wa maji, wakiukumbusha ulimwengu mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868. Allard alifariki mwaka 2021, lakini sauti yake ipo kwenye mahojiano na video. Alijiita jina lake mwenyewe. Mnywa Sere hakuipata nafasi hiyo.

Rafiki yangu mmoja alinibana: huyu alikuwa mlinzi, au mtoza ushuru tu? Swali zuri. Njia aliyoitoza ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Hakutaka ifungwe, alitaka fungu lake. Kwa hiyo simtakasi. Nasema tu kwamba haki ya mwenye nchi kuombwa kabla hujapita haingoji awe mtakatifu. Na wale wa minyororo hawakuombwa na yeyote. Ni kimya ambacho hata hoja nzuri ya mtemi haikijazi, na msomaji anayempenda Mnywa Sere lazima akibebe pia.

Jioni, tukirudi Kanyenye, nilimsimulia dereva kisa chote. Akacheka. "Kumbe walitaka kupita bure!" Kisha akanitajia nauli yangu, nikalipa.