Sikio la Fundi wa Onduparaka

Watu wengi nchini Uganda walilijua jina la Onduparaka mwaka 2016, timu yake ya mpira ilipopanda Ligi Kuu. Mimi nililijua kwa kishindo. Nilikuwa natoka Koboko kuja Arua, jioni, mvua imetoka kunyesha, na hapo Onduparaka shimo la barabarani lilikuwa limejaa maji hata likaonekana dimbwi la kawaida. Gurudumu la mbele la kushoto lilizama, likajigonga kwenye ukingo wa pili, na tangu hapo usukani ukawa unavuta pembeni.

Fundi niliyeelekezwa kwake anafanyia kazi chini ya mwembe. Hakushika spana. Aliuliza. "Mama, ulikuwa mwendo gani? Breki ulikuwa umekanyaga? Na sasa inalia wakati gani, kwenye matuta au ukikata kona?" Swali la breki lilinishangaza mpaka aliponieleza: ukikanyaga breki, gari huinama mbele na springi huwa zimeshaminywa, kwa hiyo kishindo kinakosa pa kupumulia, kinaishia kwenye vyuma.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba shimo hupiga hapa, kelele ikatokea kule. Chuma husafirisha sauti. Basi fundi hutenganisha kelele kama mama anayejua kilio cha njaa na kilio cha homa. Usukani ukitetemeka gari likikaribia kilomita 80 au 90 kwa saa, anashuku rimu au tairi la mbele. Kikitetemeka kiti, anageukia nyuma. Mngurumo unaokua pamoja na mwendo, ukazidi unapokata kona ya kulia, humpeleka kwenye beringi ya kushoto, maana uzito wote umehamia huko. Ukikata usukani mpaka mwisho ukasikia ta-ta-ta, jointi ya ekseli imeumia.

Halafu jeki. Alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa: kimya. Akalishika kushoto na kulia, likacheza kidogo sana, kiasi ambacho mimi nisingekihisi. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni, mwenzake akitikisa. Nilimkumbuka daktari Laennec wa Paris, aliyekunja karatasi mwaka 1816 ili asikie moyo wa mgonjwa. Sioni kwa nini mmoja aandikwe vitabuni na mwingine aitwe mtu wa grisi.

Nilitaka abadilishe shoki zote mbili, yaishe. Alikataa. Aliuegemea mwili wa gari juu ya gurudumu, akauachia. Gari likapanda mara moja, likatulia. "Shoki nzima hii. Pesa yako iache." Hapa tuko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na spea ikifika huku bei imeshapanda. Anayebahatisha anabahatisha kwa mfuko wa mteja. Kilichoharibika kilikuwa kichwa cha tairodi, basi.

Lakini mkono wake haukuishia hapo. Aliupitisha nyuma ya tairi, upande ambao jicho halifiki, taratibu, mpaka ukasimama kwenye kinundu. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, hewa inausukuma mpira nje. Sikuwa nimelalamikia tairi. Angeweza kunyamaza, nami ningeondoka nikimshukuru, nikapasukiwa njiani. Barabara hii niliyojia, ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, inaunganisha mpaka wa Kongo na mpaka wa Sudan Kusini, na malori yake hayana subira na gari linaloyumba.

Alipobadilisha kichwa cha tairodi na kuweka tairi la akiba, aliniambia nizime redio na nifungue vioo vyote. Akakaa pembeni yangu, macho kayafumba, kiganja kwenye dashibodi. Bodaboda zilipita, lori la mbao likapita, hakusema neno. Tulipovuka matuta aliinamisha kichwa kidogo.

"Rudia hapo, mama."

Nikageuza gari.